Nani Kasema?

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: insha nyingi tunazofundishwa kuandika chuo kikuu katika masomo ya sayansi ya jamii hazina jamii ndani yake. Zina vitabu tu. Mimi mwenyewe nimeandika nyingi za namna hiyo nikapewa alama nzuri, na moja kati ya hizo inanitia haya mpaka leo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa mwaka wa pili. Tulilala wanne katika chumba cha wawili, tukibebana kama tulivyozoea kusema, na pesa ya kujikimu, lile bumu letu, imekwisha zamani. Swali la insha lilihusu Operesheni Vijiji: kwa nini haikuleta maendeleo yaliyotarajiwa? Wenzangu wakaenda kutafuta desa, yaani kazi za waliotutangulia. Mimi nilijiona mwenye bahati, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alihamishwa mwaka 1974 kule Shinyanga, na habari hiyo niliisikia tangu utotoni.

Basi nikaandika aliyonieleza. Kwamba nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, na mashamba yakabaki mbali. Kwamba samadi, ambayo zamani aliitoa zizini na kuimwaga shambani hatua chache tu, sasa ilihitaji mkokoteni ambao hakuwa nao. Kwamba ngitili yake, yaani sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi, ilikosa mwenyewe. Kila mtu akalisha humo mpaka pakabaki vumbi.

Insha ilirudi. Pembeni mwa maneno ya bibi palikuwa na wino mwekundu: nani kasema? Nikamfuata mwalimu ofisini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Bibi yako si marejeo, kijana. Tafuta mwandishi."

Nikatafuta. Nikampata James Scott, profesa wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1998 kina sura nzima juu ya uhamishaji ule wa lazima wa Tanzania. Nikamfuta bibi, nikamweka Scott, alama zikapanda. Na kitabu hicho kinasema nini? Kwamba mipango mikubwa ya serikali huanguka inapodharau ujuzi wa wenyeji! Nilitumia kitabu kinachotetea ujuzi wa bibi yangu ili kumtoa bibi yangu katika insha.

Wapo watakaosema kwamba neno la mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Mzee husahau, na mwenye uchungu huongeza chumvi. Kweli. Lakini dawa ya neno la mmoja ni kumwuliza wa pili na wa kumi, na yule aliyesimamia uhamisho pia, kisha kupima. Hiyo ndiyo sayansi. Mwalimu angeniambia, "Likizo hii nenda kaulize nyumba ishirini," ningekwenda. Kumfuta shahidi si kumpima.

Ngitili zenyewe ni funzo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianzishwa mwaka 1986 kuokoa ardhi iliyochakaa, na wataalamu wakageukia desturi ile ile ya ngitili. Miti ikarudi. Waliojua walikuwapo siku zote, hawakuulizwa.

Leo mwanafunzi ana programu ya kompyuta inayomwandikia insha nzima, na majina ya waandishi yamepangwa vizuri. Walimu wanalalamika. Mimi nauliza: ni insha gani hiyo ambayo mashine inaiweza? Ni ile ile tuliyofundishwa, ya waliosoma wakiwanukuu wengine waliosoma. Ya bibi haiiwezi, maana hakuna aliyeiandika.

Bibi alifariki kabla sijahitimu. Yako mengi ambayo sikumwuliza: ng'ombe wangapi walibaki, nani alikataa kuhama, nyumba ya zamani iliishia wapi. Insha bado ninayo. Jina lake halimo.

Kwa hiyo wewe unayekwenda likizo na swali la insha mfukoni, anza na mtu aliye hai nyumbani kwenu. Muulize, kisha umuulize na jirani yake. Na ukirudi ukaulizwa nani kasema, mtaje kwa jina.