Nyumba Moja, Luku Moja

Saa mbili usiku uniti za umeme zimekwisha. Katika nyumba ya vyumba sita huko Manzese, wapangaji wanachungulia koridoni kwa tochi za simu, kisha kila mtu anarudi ndani kimya. Mmoja wao elfu mbili anayo, ila hataki kuwa wa kwanza kununua: juzi alinunua yeye, wenzake wakawasha bure.

Maisha yamepanda, na wengi wetu hatuna njia ila kupanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi, choo na bomba uani. Hiyo si aibu. Aibu ni kununiana kila mwezi kwa jambo linalomalizwa na kalamu na karatasi.

Luku maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Lakini mita ikiwa moja, neno hilo halina kazi, nasi tunachanga sawasawa kila chumba tukidhani ndiyo haki. Hebu tupige hesabu. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima mfululizo humaliza uniti moja. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo iimalize uniti hiyohiyo. Basi bibi mwenye taa moja atalipaje sawa na mwenye pasi, friji na jiko la umeme? Bibi huyo analipia barafu anazouza mwenzake!

Wapo watakaosema: sisi ni ndugu, tukianza kupimiana taa tutavunja ujirani. Ujirani huvunjwa na kinyongo, hauvunjwi na hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tena daftari ndilo litakalotutenganishia aliyekwama na anayekwepa. Aliyekwama kwa kupoteza kibarua, tumbebe mwezi huu kwa kauli moja, naye ajue kabebwa. Anayekwepa aambiwe usoni, asisengenywe bombani.

Wapangaji wenzangu, msimngoje mwenye nyumba. Jumapili hii kaeni uani, andikeni kila chumba kina vyombo gani vya umeme, kubalianeni kiasi cha kila mmoja, na siku ya kuchanga iwe kabla uniti hazijaisha. Karatasi hiyo bandikeni pembeni ya mita, kila apitaye aisome. Shida tumekwisha kuzichangia. Tuchangie na taa.