Hesabu ya Hatari na Bonge la Damu

Mshtuko wa moyo mara nyingi huanza pale utando wa mafuta ndani ya mshipa wa moyo unapopasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba njia. Ukubwa wa bonge hilo hupangwa kwa daraja 0 hadi 5, lakini huonekana tu kwa picha ya angiografia. Likiwa kubwa, vipande vyake huweza kusukumwa mbele wakati wa kuzibua na kukwama katika vimishipa.

Baadhi ya watafiti, wakiwemo wa Uturuki, wamejaribu kulibashiri bonge kabla ya picha kwa CHA2DS2-VASc, hesabu iliyotungwa mwaka 2010 kwa kazi nyingine kabisa: kukadiria hatari ya kiharusi kwa wenye mapigo ya moyo yaliyovurugika. Hujumlisha umri, jinsia, presha, kisukari na maradhi ya zamani ya moyo na mishipa. Mashine haihitajiki.

Kwa mtaa kama Mjambere, Kisauni, mjini Mombasa, hiyo yaonekana neema. Tabu ni kuwa hesabu husoma kilichoandikwa tu. Mwanamume wa miaka 58 mwenye presha na sukari hupata 2; mwenziwe mwenye maradhi yayo hayo, ila hajapimwa maishani, hupata 0, na huenda ndiye aliyeharibika mishipa zaidi. GRACE nayo, hesabu nyingine inayokadiria hatari ya kifo, ilijengwa kwa wagonjwa wa nchi 14; ya Afrika hamna.

Hata hesabu ikipatia, tiba haibadiliki sana. Kufyonza bonge kwa mrija kulitarajiwa kuokoa wengi, lakini majaribio ya TASTE (2013) na TOTAL (2015), hili la pili likiwa na wagonjwa zaidi ya 10,000, hayakuonyesha kuwa kufyonza bonge la kila mgonjwa hupunguza vifo. TOTAL liliona hata kiharusi kikiongezeka.

Kinachotangulia ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10, na mtu wa kuisoma. Ikionyesha mshipa umeziba, na waweza kuzibuliwa kwa mrija ndani ya dakika 120, mgonjwa apelekwe hospitali ifanyayo hivyo. Jioni, magari yakifungana Kongowea hadi Daraja la Nyali, dakika hizo huisha upesi. Isipowezekana, na saa 12 tangu maumivu hazijapita, hupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mradi hana hatari ya kuvuja damu. Fedha za kaunti zingefaa kwenda huko kabla ya fomu za alama. Kati ya dawa hizo za kuyeyusha, streptokinase hutiwa kwa dripu dakika 30 hadi 60. Tenecteplase ni sindano moja tu, ingawa bei yake ni kali.