Chuma cha Nyumbani Kichaguliwe kwa Kazi, Si kwa Mng'aro

Ni desturi inayozidi kuenea katika kambi na vituo vyetu kwamba askari, akishapata akiba kidogo au mkopo wa chama chake cha akiba, hununua vyombo vya mazoezi na kuviweka nyumbani. Desturi hii ni njema na yastahili kutiwa moyo. Askari anayeutunza mwili wake nje ya saa za kazi huitumikia nchi hata siku ambayo hakupangwa lindo. Lakini hapana budi tuseme wazi kwamba wengi wetu tunavichagua vyombo hivyo vibaya. Tunanunua kwa macho, na baada ya miezi mitatu mashine ya thamani inageuka kuwa kamba ya kuanikia nguo, huku deni likiendelea kukatwa katika mshahara.

Maoni ya makala hii ni kwamba chombo cha nguvu kinachoifaa nyumba ya askari kipimwe kwa mambo matatu tu. Kwanza, je, uzito wake waweza kuongezwa kidogo kidogo? Pili, je, chaweza kuhama pamoja na mwenyewe siku anapopata uhamisho? Tatu, je, hakiwahatarishi watoto na majirani? Chombo kisichopita mitihani hiyo mitatu ni pambo.

Wako watakaouliza kama mbio za alfajiri na pushapu za uwanja wa kwata hazitoshi. Mbio ni msingi, wala hakuna wa kuzidharau. Hata hivyo, kazi zetu zina upande mwingine. Mwenzio akijeruhiwa, humwokoi kwa pumzi za mbio peke yake. Ni lazima umwinue kutoka ardhini pamoja na silaha na mzigo wake. Askari polisi anayemtoa mtu katika gari lililopinduka, au anayemdhibiti mhalifu mwenye nguvu bila kumwumiza kupita kiasi, anahitaji mgongo, mapaja na viganja imara.

Jeshi la Marekani limejifunza jambo hilo kwa muda mrefu. Tangu 1980 askari wake walipimwa kwa pushapu za dakika mbili, kuinuka kutoka chali kwa dakika mbili, na mbio za maili mbili, yaani kilometa 3.2. Mwaka 2022 mtihani huo ulibadilishwa rasmi. Ndani ya mtihani mpya askari anatakiwa kuinua chuma kizito kutoka ardhini mara tatu, na kukimbia akiwa ameshika mizigo miwili ya kilo 18 kila mmoja. Mwezi wa Juni 2025 mtihani ulirekebishwa tena na sehemu mojawapo ikaondolewa, lakini kuinua kutoka ardhini na kubeba mizigo vilibaki. Funzo lake kwetu ni kwamba nguvu ya kuinua na kubeba ni sehemu ya kazi ya askari, si tamaa ya wanaopenda kujitazama katika kioo.

Sasa tuutazame mtihani wa kwanza, yaani kuongezeka kwa uzito. Mwaka 1945, katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner mjini Chicago, daktari wa jeshi Thomas DeLorme alikuwa akiwatibu askari waliorudi vitani na magoti na mapaja yaliyodhoofika. Matibabu ya wakati ule yalikuwa mazoezi mepesi yaliyorudiwa mara nyingi, na wagonjwa walikaa wodini muda mrefu. DeLorme, ambaye katika ujana wake alikuwa ameurudisha mwili wake kwa kunyanyua vyuma baada ya ugonjwa, aliwapa uzito mkubwa kadiri walivyoweza kuuinua mara kumi, kisha akauongeza kila nguvu zilipopanda. Misuli ikarudi. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Watkins waliurahisisha utaratibu huo ukawa wa duru tatu za mara kumi kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Anayeweza kilo 40 mara kumi ataanza na 20, aende 30, amalize na 40. Utaratibu huo ungali unafaa hadi leo, na msingi wake wahenga wetu waliujua zamani: haba na haba hujaza kibaba.

Kwa kipimo hicho, mtaimbo wa kunyanyulia na sahani zake za chuma haujapata mshindani. Mtaimbo wa mashindano kwa wanaume una kilo 20 na urefu wa meta 2.2, wa wanawake una kilo 15 na ni mwembamba kidogo ili ushikike vizuri, jambo ambalo askari wanawake na wake zetu wasilisahau. Tufanye hesabu. Ukiwa na mtaimbo wa kilo 20 na sahani kumi tu, yaani jozi moja moja za kilo 1.25, 2.5, 5, 10 na 20, unaweza kupanda kutoka kilo 20 hadi kilo 97.5 kwa ngazi za kilo mbili na nusu bila kuruka hata ngazi moja. Ni ngazi 31. Askari wengi watatumia muda mrefu kabla ya kuzimaliza katika mazoezi yote makubwa: kuchuchumaa na kuinuka, kuinua kutoka chini, kuvuta kuelekea kifuani, na kusukuma juu ya kichwa.

Linganisha na zile mashine za kamba na kapi zenye viti na mikono mingi. Zina faida zake katika hospitali na katika majumba makubwa ya mazoezi. Lakini mashine inakuongoza njia moja tu, kama reli inavyoliongoza gari moshi, na mwili haujifunzi kuutuliza mzigo unaoyumba. Mgonjwa wa kubebwa machelani hapiti juu ya reli. Tena mashine ina nyaya na kapi zinazochakaa, na vipuri vyake havipatikani katika kila mji tunaopangwa. Kuhusu uhamisho ndiyo usiseme: lori linasubiri, vyombo vya nyumbani vimeshapakiwa, na mashine ya kilo mia moja na zaidi haina pa kukaa. Mwenyewe atalazimika kuiuza kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kwanza atakayepita. Sahani za chuma, kwa upande mwingine, hupangwa chini ya magunia na mtaimbo ukalazwa ubavuni mwa lori.

Anayenunua awe mwangalifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwanza pima tundu la sahani: ziko za milimeta 50 na ziko za karibu milimeta 25, na mtaimbo wa aina moja hauzikubali sahani za aina nyingine. Wengi wamenunua mtaimbo mahali hapa na sahani mahali pale, wakagundua nyumbani kwamba havioani. Pili, viringisha mtaimbo juu ya sakafu iliyo sawa, ukirukaruka, umepinda. Tatu, pima sahani katika mizani ya dukani, kwa maana uzito ulioandikwa si kila mara uzito uliomo, na sahani mbili zisizolingana huupindisha mgongo upande mmoja. Nne, nunua vibano vya kuzizuia sahani zisichomoke. Kuhusu kutu na rangi iliyobanduka, usijali: chuma kikuukuu kina uzito uleule, na bei yake ni nafuu.

Nyumba zetu, hata hivyo, ni ndogo. Waliowahi kukaa katika nyumba za duara za mabati, ambazo askari polisi wengi wamezijua, hawahitaji kuelezwa kwamba meta 2.2 za chuma hazigeuki humo ndani. Hapo dambeli za kubadilishwa sahani zafaa zaidi, kwa kuwa zinatii kanuni ileile ya ngazi na hukaa uvunguni mwa kitanda. Pia iko girya, lile tufe la chuma lenye mkono ambalo Warusi walilitumia kwa mizani na kwa michezo, na ambalo jeshi la Kisovieti lililifanya chombo cha mazoezi ya askari. Uzito wake hufuata kipimo cha kale kiitwacho pud, karibu kilo 16. Hivyo ziko za kilo 16, 24 na 32. Ni chombo kigumu kuharibika na chepesi kuhama nacho. Kasoro yake ni ngazi: kutoka 16 kwenda 24 ni kuongeza nusu nzima ya uzito kwa hatua moja. Kwa hiyo girya iwe msaidizi wa vyombo vingine, isiwe peke yake.

Na askari mwenye mshahara mdogo afanyeje? Asikope. Ajenge bomba la chuma juu ya nguzo mbili zilizosimikwa imara, ajivute hapo mpaka kidevu kipite. Kisha achukue jerikani mbili za lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi jerikani ni mzani na ni chuma kwa pamoja. Leo tia lita kumi, wiki ijayo kumi na moja. Tembea nazo mikononi, ziinue kutoka chini, zivute kifuani. Zikijaa na bado unaziona nyepesi, tia mchanga mkavu badala ya maji, nazo zitapita kilo 30, ilimradi mikono yake haijapasuka. Siku ya uhamisho unamwaga, na mzigo umekwisha. Jerikani imepita mitihani yote mitatu kwa bei ambayo kila mmoja wetu anaimudu.

Makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa mti hayapiti. Kopo la lita nne la zege lina karibu kilo kumi, nalo haliongezeki. Ni nadra makopo mawili kulingana, na zege hulegea mtini bila kutoa taarifa. Lililegea juu ya kichwa, halichagui cheo.

Asije mtu akasema kwamba vyombo hafifu havimtoi bingwa. Mwaka 1972 mjini Munich, John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alishinda mbio za meta 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, akikimbia katika mstari wa kwanza wa ndani ambao wakimbiaji wengi hawaupendi. Katika mazoezi yake alivaa kizibao kilichotiwa risasi, ile metali nzito, ili mwili uzoee mzigo. Lilikuwa vazi lililoongezwa uzito na kuvaliwa kwa nidhamu, basi.

Mtihani wa tatu ni wa usalama, na huu hauna mjadala. Katika kambi watoto hucheza popote. Sahani iliyoegemezwa ukutani humwangukia mtoto; basi zilazwe chini zikiwa bapa, au zifungiwe. Mtaimbo usiachwe juu ya stendi wakati mwenyewe hayupo. Mtu asilale chali chini ya mtaimbo akiwa peke yake, hata awe hodari namna gani. Ukimshinda kifuani hakuna wa kumwondolea. Asisukume chuma juu ya kichwa chini ya paa fupi. Silaha tunaifunga kwa sababu tunaijua hatari yake. Chuma cha kilo 20 nacho kistahili adabu kama hiyo.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kununua vyombo si wajibu wa askari bali ni wa serikali. Neno hilo lina ukweli ndani yake, nami ningependa makamanda walisikie. Stendi nzito, benchi na mtaimbo mrefu si vitu vya kila mlango. Ni vitu vya kombania au kituo, viwekwe chini ya paa moja, viandikwe katika daftari la mali, na vibaki pale wakati watu wanahama. Kwa utaratibu huo hakuna atakayelala peke yake chini ya mtaimbo, na koplo mzoefu atamsahihisha kuruta mgongo wake kabla haujaumia. Lakini kambi isipokuwa navyo, au askari akiwa katika kituo cha watu wanne mbali na mji, bado jerikani zake na bomba lake viko naye. Anayesubiri mpaka vyote viletwe atasubiri hali mwili wake unazeeka.

Wala kazi yenyewe si kubwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, pamoja na mazoezi ya pumzi. Siku mbili hata ofisa wa mezani anaweza kuzipata, na yeye ndiye anayezihitaji zaidi, kwa kuwa kiti humla mtu polepole.

Basi, ndugu askari, kabla hujatia sahihi karatasi ya mkopo, simama mbele ya chombo hicho ukiulize maswali yake matatu: Utaongezeka nami? Utahama nami? Utawaacha salama walio nyumbani kwangu? Kikijibu ndiyo mara tatu, kinunue. Kikisita hata swali moja, rudi nyumbani, jaza jerikani zako, na uanze jioni hiyohiyo.