Mlima Rungwe Uliokuwa na Magurudumu

Sisi wa Tukuyu tunaamka kila siku na kuukuta Mlima Rungwe palepale, wingu likiwa kichwani. Wachache kati yetu wanajua kwamba uliwahi kuwapo Rungwe mwingine, wa chuma, wenye magurudumu 28, uliofanya kazi kwenye reli ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 1955 na 1956 Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilipokea kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, vichwa 34 vya treni ya mvuke vya daraja la 59. Vilipewa majina ya milima yetu: Kilimanjaro, Meru, Hanang, Mbeya. Namba 5916 kiliitwa Mount Rungwe. Kwenye reli za upana wa mita moja, duniani kote hapakuwa na vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo. Kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 250 hivi, kimepakwa rangi ya damu ya mzee.

Kufikia 1980 vilikuwa vimeondolewa kazini. Viwili vimehifadhiwa Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Cha kwetu hakimo. Na huku Rungwe reli haijawahi kufika. Mtoto wa Tukuyu anayetaka kuona treni hupanda basi hadi Mbeya akaitazame TAZARA, nayo tangu ianze ni ya dizeli.

Maoni yangu ni kwamba kichwa hicho tukijenge upya hapahapa, kwa matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ya Lego.

Nasikia tayari kicheko. Frateri mzima, na vitu vya watoto? Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye hakuna anayeweza kumwita mvivu, alifundisha katika Summa kwamba mchezo nao una fadhila yake, na kwamba anayeukataa kabisa na kuwakera wanaocheza ana kasoro. Hilo la mafrateri naliacha hapo. Linaloniuma zaidi ni la watoto. Mtoto wa Kiwira anatengeneza gari la mianzi, magurudumu ya ndala zilizochakaa, usukani wa waya unaokata kona kweli. Akifika nalo nyumbani anaulizwa kama amekata majani ya ng'ombe. Jioni gari linawashia moto jikoni. Miaka michache baadaye mtoto huyohuyo anakaririshwa darasani kwamba joto hugeuka kuwa mwendo, naye anaandika, na tunashangaa kwa nini fizikia haimwingii.

Mpe sasa matofali na umwambie ajenge Mount Rungwe. Kitu cha kwanza kitakachomshinda ni kona. Reli ya Lego ina kona kali sana, ya nusu kipenyo cha sentimita 32. Magurudumu manane yaliyofungwa pamoja kwa fimbo hayapindi. Yatakwama au yataruka nje. Wajenzi wenye uzoefu huondoa ukingo kwenye magurudumu ya katikati ili yateleze juu ya reli. Lakini kichwa chote kina magurudumu ya kusukuma 16, na hapo ujanja huo peke yake hautoshi. Ndipo mtoto atakapokutana na Mwingereza Herbert Garratt na wazo lake la mwanzoni mwa karne iliyopita: gawa injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda zake, kisha ning'iniza boila katikati kama daraja. Kila injini inageuka kivyake. Mashine ndefu kama mabasi matatu yaliyofuatana inapita kwenye kona za milimani. Maelezo haya kwa chaki ni usingizi. Kwa vidole ni dakika tano.

Halafu zije fimbo. Akizifunga pande zote mbili kwa pembe moja, gurudumu litafika mahali ligome. Upande mmoja lazima uwe umetangulia mwingine kwa robo mzunguko. Akiligundua hilo mwenyewe hatalisahau hadi uzeeni. (Kutengeneza boila la mviringo kwa matofali ya mraba nako kuna vituko vyake, ila huo ni ufundi wa kulaza matofali ubavu, siuelezi hapa.)

Bei ni hoja ya kweli. Lego halisi ni ghali, na mfano unaolingana na upana wa reli yake, yaani mara 26 kuwa mdogo kuliko kichwa chenyewe, utakuwa na urefu wa mita 1.2 na kula maelfu ya matofali. Familia moja haiwezi. Parokia inaweza, kidogokidogo, sanduku moja la wote, likifunguliwa Jumamosi baada ya mafundisho. Tofali lililosajiliwa Denmark mwaka 1958 bado linashikana na la leo, kwa hiyo kinachonunuliwa mwaka huu kitatumiwa na wadogo zao. Hata mbao si mbaya: Mchungaji Awdry wa Kanisa la Uingereza, mtunzi wa hadithi za treni, alimtengenezea mwanawe kichwa kidogo kwa mpini wa ufagio na vipande vya mbao. Mimi bado napendelea matofali kwa sababu moja. Mwanzi ukikatwa vibaya umekatika, lakini tofali linabanduliwa na kazi inaanza upya bila mtu kugombezwa.

Ila kijitabu cha maelekezo kinachokuja na sanduku ningekificha. Anayefuata picha hatua kwa hatua anapata kilicho kwenye picha, basi.

Waanze na injini ya mbele tu: magurudumu manane, silinda mbili, fimbo. Waisukume kwenye kona. Ikipita, waijenge ya nyuma, na boila lifuate. Picha za Mount Gelai ni rahisi kupatikana na kichwa hicho ni cha daraja lilelile la 59. Kinachobadilika ni bamba la jina.