Tuijue Biblia Wenyewe
Simoni mchawi alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimkemea vikali (Matendo 8). Mkristo asiyeijua habari hiyo atamjibu nini mhubiri atakayemwambia kwamba sadaka nono itamfungulia njia ya kwenda Marekani? Ndugu wasomaji, kule Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, na hapa Chinsapo, wapo wakimbizi wanaoingoja safari ya namna hiyo, na ahadi kama hiyo ni tamu mno. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko hata alipohubiri Paulo mwenyewe! Sisi tunayo Union Version ya Kiswahili tangu mwaka 1952, lakini wengine huibeba kwapani tu Jumapili. Kaka zetu mliomaliza shule, mwaka huu msituletee mpira mwingine. Tuleteeni Biblia, za Kiswahili na za Kichewa.