Karata zozote mbili zinaweza kushinda? Acheni hizo!

Haya wasomaji wangu, leo tuweke programu kando kidogo tuongee karata. Nina hasira, na nitaeleza kwa nini.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Kanamkemer, watu tisa, joto la Lodwar halijapoa hata saa tatu usiku, tukicheza poker ile ya Texas Hold'em. Madau ya lazima yalikuwa shilingi 5 na shilingi 10. Rafiki yangu, mwendesha boda, akapata A na 9, kila moja ya aina yake. Mwenzake akapandisha dau, yeye akafuata. Mezani ikafunuliwa A, jamaa akasukuma pesa zote. Yule mwingine alikuwa na A na K. Shilingi 1,400 zikaenda, na hizo zilikuwa pesa za tairi ya nyuma. Namuuliza kwa nini aliingia, ananijibu: "Boss, karata zozote mbili zinaweza kushinda. Ni bahati tu."

Sikubali! Na najua ugonjwa huu tumeutoa wapi. Tumeutoa kwenye kadi.

Sote tumekua tukicheza kadi, ile ambayo Wakenya wengi huiita poker. Unagawiwa karata zako, 2 inamlimbikizia mwenzako mbili, 3 inamlimbikizia tatu, J inaruka mtu, na ukikaribia kumaliza unasema "niko kadi". A ni dhahabu, inakuokoa. Lakini angalia jambo moja: kwenye kadi huwezi kukataa karata ulizopewa. Ukigawiwa takataka, unacheza takataka hadi mwisho. Hold'em ni kinyume kabisa. Pale silaha yako ya kwanza ni kuzitupa karata na kukaa kimya. Sisi tunaingia na tabia za kadi, tunaona A moja tunadhani tumeokoka.

Sasa hesabu, maana digrii ya kompyuta lazima ilipe siku moja :-)

Kutoka karata 52 unaweza kupata jozi 1,326 tofauti za kuanzia. A mbili zinatokea kwa njia 6 tu, yaani mara 1 kati ya 221. Niliandika programu fupi ya kugawa karata mara laki kadhaa, nikapata yaleyale ambayo wachezaji wa dunia nzima wanayajua. A mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda takriban mara 85 kati ya 100. Je, 7 na 2 za aina tofauti, zile mbovu kabisa? Karibu mara 35!

Hiyo 35 ndiyo sumu yenyewe. Takataka inashinda mara 1 kati ya 3, kwa hiyo kila mtu ana hadithi ya siku aliyoshinda na takataka. Zile mara mbili alizopoteza hazikumbuki. Na hiyo ni dhidi ya mtu mwenye karata zozote. Mtu aliyepandisha dau hana karata zozote, amechagua! A na 9 dhidi ya A na K hazifikishi hata mara 3 kati ya 10.

Basi ucheze zipi? Orodha yangu ya kubana, ukiwa wa kwanza kuamua: jozi kuanzia 7-7 hadi A-A, A-K, A-Q, kisha A-J na K-Q zikiwa za aina moja. Ukihesabu ni njia 88 kati ya 1,326, mara 1 kati ya 15. Ukiwa mgawaji unaweza kulegeza, kwa sababu unaamua ukiwa umeshaona wengine wamefanya nini.

Na ukizipata, pandisha dau! Kosa la pili la meza yetu ni mtu kuficha A mbili kama mwizi wa mbuzi, anaacha kila mtu aingie kwa bei rahisi. Dhidi ya watu tisa, A zako mbili zinashinda mara 31 tu kati ya 100. Wapunguze mapema.

Mtasema kungoja kunachosha. Kwenye meza yetu mzunguko mzima wa kutupa unagharimu shilingi 15. Linganisha na 1,400. Pluribus, programu iliyowashinda wataalamu kwenye meza ya watu sita mwaka 2019, nayo hutupa karata nyingi kabla ya kuona tatu za mezani. Haina kiburi, haichoki kungoja.

Na hata wazee wetu hawahitaji Pluribus. Mfugaji hahamishi mifugo kwa kuwa mvua "inaweza" kunyesha huko mbele. Anatuma mtu kwanza akaangalie malisho. Hakuna anayemwita mwoga.

Bahati ipo, sikatai. Usiku mmoja inaweza kukupiga hata ukicheza vizuri, ndiyo maana pesa ya tairi haiji mezani kamwe, hata ukiwa na orodha yangu mfukoni. Lakini bahati haikumlazimisha mtu kuingia na A na 9. Hilo alichagua mwenyewe.

Anayebisha aje Jumamosi. Tutacheza kwa vifuniko vya soda.