Je, dereva hodari anahitaji ESP? Jibu la magari ya spoti linaihusu pia Kabambare

KASONGO – Mvua ikinyesha kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Jipu lililojaa watu na mizigo linaweza kuanza kwenda upande hata kama shofere hakukimbiza. Abiria wakifika salama, wanasifu mkono wake. Gari likipinduka, lawama zote ni zake. Ni wachache wanaouliza kama gari lenyewe lilikuwa na kitu cha kumsaidia.

Kitu hicho kipo tangu mwaka 1995. Ni mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuteleza na kugeuka ovyo. Kwenye magari mengi ya Ulaya huitwa ESP, Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru hutumia jina VDC, na wengine huandika ESC. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani na Mercedes-Benz ndizo zilizouleta sokoni mwaka huo, na Toyota ilikuwa na wake mwaka huohuo.

Tangu hapo kuna ubishi ambao haujaisha kati ya wapenda magari ya spoti, yaani yale yenye nguvu nyingi, yaliyo chini na yenye mwendo mkali. Wako wanaosema ESP ni ya watu wasiojua kuendesha, na kwamba dereva hodari inamsumbua tu. Mashofere wetu nao wana maneno yanayofanana: mwenye uzoefu wa barabara mbaya hahitaji mashine. Tuangalie kama hoja hiyo inasimama.

Kinachofanyika ndani ya gari

ESP inasoma mambo matatu kwa wakati mmoja: usukani umekatwa kiasi gani, kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani, na gari lenyewe linageuka kiasi gani. Inalinganisha hayo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ikiona dereva anataka kwenda kulia lakini gari halifuati, inashika breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, na kama ni lazima inapunguza nguvu ya injini.

Hapo ndipo hoja ya "mkono hodari" inapodhoofika. Dereva ana pedali moja ya breki, nayo inashika magurudumu yote pamoja. Hata bingwa wa dunia hawezi kufunga breki ya gurudumu la mbele la kushoto peke yake. ESP inaweza, na inaanza kufanya hivyo kabla mtu hajatambua kwamba gari limeanza kuteleza.

Mambo mawili yaliyotokea

Mwaka 1998 Audi ilitoa gari dogo la spoti, TT. Muda si mrefu, ajali kadhaa za mwendo mkali, baadhi zikiwa za vifo, zilitokea, hasa Ujerumani ambako sehemu za barabara kuu hazina kikomo cha mwendo. Gari lilikuwa likipoteza uthabiti upande wa nyuma. Audi iliyaita magari hayo yarudi, ikabadilisha sehemu za chini, ikaweka bawa dogo nyuma la kukandamiza gari chini, na ikafunga ESP. Wanunuzi wa TT walikuwa watu waliopenda kuendesha na waliojiona wanajua. Hilo halikuwatosha.

Jambo la pili vijana wengi wanalijua kwa sababu ya filamu. Tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji Paul Walker wa Fast & Furious alikufa California akiwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT. Gari hilo liliuzwa bila ESP. Wapelelezi walisema lilikuwa likienda kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa mahali ambapo kikomo kilikuwa takriban 72, na kwamba matairi yake yalikuwa na miaka 9. Familia ilipeleka Porsche mahakamani, ikitaja kukosekana kwa mfumo huo. Porsche ilikataa lawama, na mwaka 2017 pande hizo zilimaliza kesi kwa mapatano.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba ESP ingeokoa maisha siku ile. Lakini yanayojulikana yanafundisha mambo mawili kwa pamoja: gari lenye nguvu linahitaji msaada huo zaidi, na hakuna msaada unaoshinda mwendo wa kupita kiasi juu ya matairi yaliyozeeka.

"Mbona madereva wa rali hawana?"

Mtu atauliza kuhusu rali. Safari Rally ya Kenya imekuwa ikifanyika tangu 1953, kwenye vumbi na matope kama ya kwetu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara tano, na ya mwisho ilikuwa 1982, miaka 13 kabla ya ESP kuanza. Hata leo magari ya rali ya dunia hayatumii mfumo huo.

Lakini tazama yule dereva ana nini kingine. Ana mwenzake anayemsomea kila kona. Barabara imefungwa, hakuna mtoto wala mbuzi wala pikipiki inayokuja mbele. Kuna vyuma vinavyozuia paa lisimponde, na matairi hubadilishwa mara kwa mara. Shofere wa Kabambare hana hata kimoja, na nyuma yake kuna watu kumi walioketi juu ya magunia.

Hesabu zilizofanyika nje zinaonyesha faida ni kubwa zaidi kwa magari marefu kuliko yale ya chini. Mwaka 2007 shirika la usalama barabarani la Marekani lilikadiria kwamba ESP ingepunguza ajali za gari moja peke yake kwa asilimia 34 kwa magari madogo, na asilimia 59 kwa majipu. Kwa magari kupinduka, makadirio yalikuwa asilimia 71 kwa madogo na 84 kwa majipu. Sababu ni wazi: jipu liko juu, kwa hiyo likianza kwenda upande linapinduka kwa urahisi.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, dereva wa gari la spoti anafaidika. Na kama yeye anafaidika, mwenye jipu anafaidika zaidi.

Mipaka yake kwenye matope

Hata hivyo tusidanganyane. ESP haitengenezi mshiko. Inatumia ule uliobaki kati ya tairi na udongo. Tairi likiwa kipara, breki zikiwa zimekwisha, au paa likibeba mafuta na mihogo kupita kiasi, mfumo hauna cha kutumia.

Kuna pia mahali ambapo unasumbua kweli. Gari likizama kwenye tope zito, magurudumu yanahitaji kuzunguka ili litoke, lakini ESP inapunguza nguvu. Ndiyo maana magari mengi yana kitufe cha kuuzima. Kukitumia kwenye shimo la tope ni sawa. Hatari ni kukisahau, kisha kuendelea mbio gari likishafika mahali pakavu.

Kosa lingine ni la garaji. Kufunga matairi ya ukubwa tofauti kunachanganya vipimo vya mwendo wa magurudumu. Na taa ya ABS ikiwaka bila kuzimika, mara nyingi ESP nayo imekufa, kwa sababu zinatumia vipimo vilevile. Kung'oa waya ili taa isionekane si matengenezo.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa

Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari mapya mepesi yote kuanzia Septemba 2011. Japan ilianza 2012 kwa aina mpya za magari. Umoja wa Ulaya ulikamilisha Novemba 2014. Baadhi ya magari yanayotufikia kutoka Japan au kupitia Dubai yalitengenezwa kabla ya hapo. Majipu mawili yanayofanana, ya mwaka mmoja na bei moja, moja linaweza kuwa na ESP na lingine halina.

Kujua ni rahisi. Geuza ufunguo: kwenye dashibodi taa ya rangi ya njano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake inapaswa kuwaka, kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, gari halina mfumo au mtu ameificha taa. Ikiwaka isizimike, umeharibika. Mfanyabiashara wa Kasongo anayelipa maelfu ya dola huangalia injini, rangi na viti. Taa hiyo haimgharimu hata faranga moja kuiangalia.

Kwa upande wa serikali, sheria ya msingi ya barabara nchini ni ile ya tarehe 30 Agosti 1978, miaka 17 kabla ya ESP kuuzwa. Haiwezi kutaja kitu ambacho hakikuwepo. Kulazimisha kila gari liwe nacho leo kungefunga usafiri wa Maniema, na hakuna anayetaka hivyo. Lakini kuna hatua ndogo zinazowezekana: makaratasi ya gari linaloingia yaandike kama lina mfumo huo na kama unafanya kazi. Na mashirika na kampuni zinazopeleka majipu mapya Kabambare na Salamabila zingeweza kuuweka kama sharti la ununuzi.

Wengi wa wasafiri wetu, hata hivyo, hawapandi jipu. Wanapanda pikipiki, na pikipiki za kawaida za mamotari wetu hazina mfumo wowote wa namna hii. Kwa hao, kinga iliyobaki ni matairi mazuri, abiria wachache na mwendo mdogo mvua inaponyesha.